Taa za Basi Linalokimbia

Mume wangu Nurudini ana msemo wake mmoja: mwachie Mungu. Jirani akimwaga maji machafu mlangoni kwetu, mwachie Mungu. Panya akitoboa gunia, mwachie Mungu. Siku nilipomwambia kwamba Mwalimu Lusajo anakuja Kasulu na wanafunzi wake kwenye mdahalo, na kwamba mdahalo wenyewe nimeufadhili mimi ili nimuumbue mbele za watu, aliweka kikombe chini, akafuta ndevu, akaniambia vile vile. Nikamjibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii ndogo naiweza mwenyewe.

Mimi ni Mwajabu binti Hilali. Nina duka la taa za sola, tochi na redio hapa Kasulu, hatua chache kutoka stendi. Watu wananijua kwa bidhaa nzuri na mdomo mbaya. Bibi yangu mzaa mama alitoka Pangani, na ukoo wetu haukuturithisha wanawake mashamba wala ng'ombe. Ulituachia ndimi, basi nami natumia urithi wangu.

Kisa chenyewe kilianzia Kibondo, nilipokuwa kidato cha tatu. Baba alikuwa na duka la vyakula, na alinunua majarida ya zamani kwa mafungu, mengi yakitoka kwa wazungu wa mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi. Kazi yangu ilikuwa kuyachana, kuyakunja pembe na kufungia karanga. Nami sikuchana ukurasa kabla ya kuusoma. Kiingereza changu kilikuwa cha kuungaunga, lakini kamusi ya shule nilikuwa nayo, na mchana wa dukani ni mrefu.

Mwalimu Lusajo alikuwa ametoka Tukuyu, kijana, shati limechomekwa, ajira mpya inamwasha mwilini. Alikuwa akitufundisha fizikia. Siku moja alituambia tufikirie basi linalotoka Kasulu kuja Kibondo kwa kasi ya sitini. Konda akirusha hindi la kuchoma kuelekea mbele kwa kasi ya kumi, mtu aliyesimama barabarani ataliona hindi likija kwa sabini. Hapo hakuna ubishi, hata bibi yangu angekubali. Kisha akasema, na taa za basi ni hivyo hivyo, mwanga wake unaongezewa zile sitini za basi, ndiyo maana taa za gari linalokimbia zinakuwahi machoni.

Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, mwanga hauongezewi. Basi likimbie, lisimame au lirudi nyuma, mwanga unatoka na kasi ile ile."

"Nani kakwambia?"

Mwanafunzi mwingine angesema ameambiwa na kaka yake wa chuo, au amesoma maktaba ya parokia. Mimi nilikuwa mtoto wa dukani. Kwetu mteja akiuliza mali imetoka wapi, anaambiwa ukweli, maana asipoambiwa leo atajua kesho. Nikasema, "Nimesoma kwenye karatasi ya kufungia karanga."

Alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, na darasa zima likapata ruhusa. Akanidai ile karatasi, nikaitoa katikati ya daftari, akainyanyua juu, na doa la mafuta likaonekana kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Hawa Waswahili wa madukani wamezoea kuongeza na kupunguza bei, sasa wanataka kumpangia bei na mwanga." Tangu siku hiyo jina langu likawa Karanga. Karanga paredi, Karanga bombani, Karanga njia nzima kurudi nyumbani, hata wadogo wa kidato cha kwanza wasiojua chanzo chake.

Yangeishia hapo, ningesema ni utoto. Lakini ulikuwa wakati wa kuchagua nani ataendelea na fizikia, na yeye akamwambia baba kwamba binti yako hana kichwa cha sayansi, anaokota elimu kwenye takataka. Baba, Mungu amrehemu, alimheshimu mwalimu kuliko alivyojiheshimu mwenyewe. Hakuona sababu ya kumlipia ada mtu asiye na kichwa. Mwaka haujaisha niko nyuma ya kaunta, na baada ya Ramadhani nikaolewa na Nurudini, ambaye baadaye alinileta Kasulu. Nurudini ni mume mwema, sina neno naye. Lakini mwaka ule sikumwomba Mungu mume. Niliomba fizikia.

Miaka ikapita, nikapata watoto, na kitindamimba wangu Firdausi akafika kidato cha tano hapa Kasulu. Jioni moja nilifungua kitabu chake nikitafuta kalamu, nikaliona lile jambo limeandikwa waziwazi, herufi nyeusi: kasi ya mwanga haitegemei mwendo wa chanzo chake. Nilikuwa najua siku zote kwamba niko sahihi. Lakini kujua peke yako moyoni ni kitu kimoja, na kuliona kwenye kitabu cha mwanao ni kingine. Nilifunga duka mapema, nikakaa katikati ya maboksi ya taa, nikalia kwa hasira. Wanasema mwenye kovu usidhani kapoa, na wanaosema hivyo wana makovu.

Kuanzia hapo nilitaka kitu kimoja. Lusajo asimame mbele ya watu, na kwa mdomo wake aseme kwamba Mwajabu alikuwa sahihi na yeye alikosea. Sikutaka anifuate pembeni kunong'ona. Alinicheka hadharani, basi aseme hadharani.

Nikaanza kumnoa Firdausi. Mtoto yule ana kichwa cha babu yake na ulimi wangu, na alikuwa bingwa wa midahalo shuleni kwao. Nilimfanya anieleze somo lile kila jioni tukichambua mchele, nikimpinga kwa makusudi, nikimtega, mpaka akawa hategeki. Hakuuliza kwa nini. Alidhani mama yake amependa sayansi uzeeni.

Halafu mwalimu Renatus, mratibu wa midahalo ya shule za ukanda wetu, akaja dukani kutafuta mfadhili. "Mwakeye, mama," alianza, kwa adabu zote za Waha, mikono miwili kifuani. Nikamkatiza. Nikamwambia nitatoa taa za sola za kutosha mabweni ya shule itakayoshinda, na mshindi nitamgharimia safari ya kwenda kwenye mashindano Dodoma. Lakini nina masharti. Mada nachagua mimi. Mdahalo uwe wa Kiswahili, kila mtu ukumbini aelewe. Shule ya Kibondo anakofundisha Lusajo ialikwe, naye aje mwenyewe kama mlezi wao. Na binti yangu apinge mada.

"Ego, mama," alisema Renatus, ndiyo ya Kiha, kwa kila sharti. Mada nilimpa: kasi ya mwanga hutegemea mwendo wa chanzo chake. Alijikuna kisogo, maana wafadhili wengine huchagua mada kama elimu ni bora kuliko mali, wakalala usingizi. Tulipofika kwenye lile la Firdausi kupinga, akatabasamu akasema, "Hilo nalo tutaona siku ile, mama."

Ningekuwa nimeishi huku kwa macho wazi ningeelewa. Mtu wa huku hamwambii mfadhili hapana usoni. Atakwambia tutaona, na wewe utakwenda nyumbani umefurahi, kila mmoja na heshima yake mkononi. Nimezaliwa katika nchi hii, nimenunua na kuuza nao miaka yote, na bado siku ile nilisikia nilichotaka kusikia.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Watoto wa Kibondo wamefundishwa na Lusajo, kwa hiyo watautetea upotofu wake kwa nguvu zote. Firdausi atawasaga. Kisha mfadhili atapewa nafasi ya kusema, nami nitauliza mbele ya ukumbi mzima, watoto hawa nani kawafundisha ujinga huu?

Siku ilipofika, ukumbi wa halmashauri ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wanafunzi, walimu, wazazi, bodaboda waliokosa abiria. Bi Evaline, afisa elimu, alikaa mbele na majaji watatu. Nilivaa dera langu la zambarau na ushungi mpya, nikajipaka mafuta ya udi mpaka kwenye kucha. Mtu haendi kwenye mazishi ya adui yake amevaa matambara.

Lusajo akaingia na kundi lake. Mvi zimemjaa, miwani imefungwa uzi upande mmoja, shati bado limechomekwa. Alipita akisalimiana na meza ya wageni. Mkubwa wangu kwa umri na mwalimu wangu, ilinipasa nimwamkie shikamoo. Nikasema, "Karibu, mwalimu," basi. Bi Evaline aligeuka kunitazama. Lusajo aliushika mkono wangu kidogo zaidi ya kawaida, akauachia, akaenda kukaa. Nikafikiri ni macho mabovu, anajaribu kunitambua.

Mwalimu Renatus akasimama jukwaani, akamvua mwanafunzi mmoja kofia, akatia humo vikaratasi viwili vilivyokunjwa. "Kama ulivyo utaratibu wetu," akasema, "pande zitapigiwa kura hapa hapa." Firdausi akachukua kimoja, akakifungua, akasoma kwa sauti.

"Watetezi wa mada."

Nilikuwa nimesimama kabla sijajua. Nikamwita Renatus pembeni. "Tulikubaliana nini mimi na wewe?"

"Mama, upande hupigiwa kura. Ningekwambia siku ile ungekasirika."

"Na sasa sijakasirika?"

"Sasa umekasirika, lakini taa zimeshaletwa," alisema, bila ubaya wowote.

Nikamshika Firdausi mkono, nikamtoa nje mpaka nyuma ya tangi la maji. Mwanangu, niliyemnyonyesha, apande jukwaani amtetee Lusajo! Huko ni kumsafisha miguu mtu aliyekukanyaga. Nikamwambia hapo hapo kisa chote, karatasi, kicheko, jina, baba, kaunta. Alinisikiliza mdomo wazi. Hakuwahi kusikia. Kisha nikamwambia la kufanya.

"Shindwa. Simama, babaika kidogo, kaa. Watoto wa Kibondo waseme ukweli, mimi nitajua pa kumshikia."

"Mama, nishindwe kwa makusudi?"

"Ndiyo."

"Na Dodoma?"

"Dodoma haina miguu, haitakimbia."

Alinitazama, machozi yakimlenga, na nikaona kile kidevu cha baba yangu kikipanda juu. "Pole kwa yaliyokupata, mama. Kweli pole. Lakini mimi nimesota mwaka mzima kwa ajili ya leo, na hukuwahi kuniambia kwamba nilikuwa silaha yako. Ningejua ningekataa mapema." Akautoa mkono wangu begani mwake taratibu, akarudi ukumbini.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nilirudi kwenye kiti changu cha mfadhili, nikakaa.

Firdausi akapanda. Sijawahi kuona mtu akitetea uongo kwa uzuri ule. Aliuliza ukumbi, "Embe ukilirusha ukiwa kwenye lori linalokimbia, linachukua mwendo wa lori au halichukui?" Linachukua, wakajibu. "Jiwe je? Mate ya abiria dirishani je?" Linachukua, yanachukua, watu wakicheka. "Basi huyu mwanga ni nani, hata vitu vyote duniani vitii sheria hii, yeye peke yake apewe msamaha? Ana mjomba serikalini?" Ukumbi ukavuma. Kisha akashusha sauti. "Wapinzani wangu watawaambia imeandikwa. Nami nawauliza nyinyi, nani humu ndani amewahi kuupima mwanga wa gari lililosimama, akaupima na wa gari linalokimbia? Nyoosha mkono tukuone." Hakuna mkono uliopanda. "Basi msikubali kitu kwa sababu kimeandikwa. Niletee ushahidi, au nipe ushindi."

Walimpigia makofi kwa miguu na mikono. Nilikuwa na hasira, na wakati huo huo nilitaka kusimama juu ya kiti nipige vigelegele. Nilimzaa mwenyewe, nikamnoa mwenyewe, akanikata mwenyewe.

Akaja mvulana wa Kibondo, Nathaniel, Muha mwembamba mwenye sauti ya taratibu. Nikajiambia, haya, hawa hawakufundishwa ukweli, sasa wamepewa upande wa ukweli, tuone watakavyohangaika. Hakuhangaika.

"Dada ametaka ushahidi, na ana haki," alisema. "Hatuna gari la kasi ya kutosha. Lakini angani ziko nyota pacha, mbili zinazozungukana, kama watoto walioshikana mikono wakizunguka. Nyota moja kuna wakati inakuja upande wetu, na kuna wakati inaondoka. Sasa kama mwanga ungesukumwa na nyota, ule uliotoka nyota ikija kwetu ungekuwa na mbio zaidi, na ule uliotoka nyota ikiondoka ungesuasua. Safari ni ndefu, miaka na miaka. Wa mbio ungeupita uliotangulia. Ni sawa na lori limeondoka Kagerankanda alfajiri, na bodaboda imeondoka baadaye, lakini bodaboda ikafika Kasulu kwanza. Habari za nyuma zingefika kabla ya za mbele. Tungeiona nyota moja mahali pawili kwa wakati mmoja, vurugu tupu. Watu wamezitazama nyota hizo. Hakuna vurugu. Zinazunguka kwa mpangilio, kila habari inafika kwa zamu yake. Kwa hiyo mwanga hausukumwi na aliyeutuma."

Ndugu zangu, mimi nimeuza taa nusu ya maisha yangu, na nilisisimka mwili mzima. Niliiona ile nyota. Kisha Nathaniel akamalizia, "Haya siyo yangu. Mwalimu wetu Lusajo hutufundisha kila mwaka, kabla hata hatujafungua kitabu."

Kila mwaka! Anajua. Kwa hiyo hesabu yangu yote ilikuwa bure, sikuwa na mjinga wa kumuumbua. Nilikuwa na mtu anayejua. Na kama anajua, amejua tangu lini?

Majaji walikuwa wakijumlisha alama, na Renatus akatoa nafasi ya maswali kutoka kwa wasikilizaji. Nikasimama. Akanipa kipaza sauti kwa furaha, mfadhili anataka kusema.

"Swali langu si kwa watoto," nilisema. "Ni kwa mlezi wa Kibondo. Mwalimu Lusajo, wewe ulijua lini kwamba mwanga haubebi mwendo wa basi?"

Alisimama polepole. Hakujifanya hanijui. "Mwajabu," alisema.

"Karanga," nilisema. "Sema jina ulilonipa."

Minong'ono ikaanza. Bi Evaline akaweka kalamu chini. Nikawaeleza watu kwa maneno machache, hindi la kuchoma, taa za basi, karatasi yenye doa la mafuta. Kisha nikamrudia. "Nauliza lini."

Alivua miwani. "Usiku ule ule," alisema. "Nilikuwa nimekunyang'anya karatasi. Niliisoma nyumbani. Nikaona uko sahihi, nikaona mimi ndiye nimewafundisha uongo."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu mengi, kwamba amejua ukubwani, kwamba amehudhuria semina. Hili sikuwa nimejiandaa nalo.

"Usiku ule. Na kwa baba yangu ulikwenda lini kumwambia sina kichwa?"

"Baada ya hapo." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini kipaza sauti cha Renatus kilikuwa kimeshamfikia. "Nilikuwa mgeni kazini. Niliogopa. Nilifikiri ukibaki darasani, kila nikikuona nitakumbuka. Na wewe utauliza tena."

"Na niliponyang'anywa shule? Ulisikia?"

"Nilisikia. Nilikuja dukani kwenu kusema. Nilifika mpaka kwenye kaunta." Akaikunja miwani. "Nikanunua kiberiti. Nikarudi."

Nilikumbuka. Wallahi nilikumbuka. Mimi ndiye niliyemuuzia. Nilikuwa na hina ya bi harusi mikononi, nikamwekea kiberiti juu ya kaunta bila kumtazama usoni, kwa sababu nilikuwa naona aibu. Mimi ndiye niliyeona aibu! Miaka yote nilikuwa nachukia kicheko cha mtu asiyejua, na kumbe kicheko kilikuwa kidogo. Mtu akikosea ni binadamu. Lakini ujue umekosea, uone mtoto wa mtu anazama kwa kosa lako, usimame mbele yake, neno liko mdomoni, ununue kiberiti!

Lusajo akashuka kutoka meza ya walezi, akaja mpaka mbele yangu. Akageuka kwa watu. "Mwajabu binti Hilali alikuwa sahihi," alisema kwa sauti ambayo hata wa madirishani waliisikia. "Mimi nilikosea, nikajua nimekosea, nikamwacha aumie. Namwomba msamaha mbele yenu."

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka. Neno kwa neno, mbele ya watu, kwa mdomo wake. Nilisubiri ile raha, haikuja. Ilikuja njaa.

Na watu wetu mnawajua. "Msamehe, mama!" wakaanza kupaza sauti. "Yaishe!" Mzee mmoja nyuma akasema kwa Kiha maneno ambayo maana yake ni moyo wa mama ni mkubwa. Bi Evaline akanishika kiwiko. "Mama Firdausi, mwenzio kajishusha. Mpe mkono, yaishe, watoto wanatazama."

"Watoto wanatazama, ndiyo vizuri," nilisema. "Simsamehe."

Ukumbi ukaguna.

"Simsamehe leo, na kesho sijui. Msinigeuzie kibao kana kwamba mbaya ni mimi. Huyu hakunitukana tu, niseme yamepita. Alichukua kitu changu, na mtu akichukua kitu chako, pole hakikirudishi. Nataka kitu changu."

"Kitu gani?" aliuliza Lusajo.

"Kipindi changu. Ulinitoa darasani katikati ya kipindi. Kila Jumamosi utapanda basi Kibondo, utakuja dukani kwangu, utanifundisha. Tangu pale uliponitoa mpaka mwisho wa kidato cha nne. Na utafundisha barazani, wateja wakiona."

Watu wengine wakacheka, wakidhani ni utani wa Waswahili. Yeye hakucheka. "Nitakuja," alisema.

Majaji wakatoa matokeo. Watetezi walikuwa wameshinda kwa ufasaha na mpangilio wa hoja. Kwa hiyo kwa mujibu wa majaji watatu wenye vitambulisho shingoni, siku ile Kasulu mwanga ulitegemea mwendo wa chanzo chake, na taa za ushindi nilitoa mimi. Firdausi alipokuja kuchukua cheti alinitazama kwa hofu. Nikapiga vigelegele mpaka Renatus akaziba sikio. Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye na mimi, na karibu na mlango akaniambia, "Mama, ungeniambia ningekupigania kwa hiari." Nikamwambia najua. Kumwomba radhi mwanangu nilishindwa, nikampikia pilau.

Jumamosi Lusajo alikuja, amechoka na safari, vumbi kwenye suruali. Nilimtolea ule ubao ninaoandikia aina za betri, nikaufuta, nikautundika barazani kwenye msumari. Sikumpa kiti. Kiti nilikaa mimi, katikati, daftari jipya magotini. Ilikuwa siku ya soko, na watu kutoka Munanila mpaka wapi sijui walikuwa wanapita na vikapu vyao. Wakasimama. "Huyu nani?" wakauliza. "Mwalimu wangu," nikasema, na nikawaacha wahangaike wenyewe kulielewa neno hilo. Nurudini alichungulia toka ndani, akatikisa kichwa, akaenda msikitini kabla ya adhana.

Lusajo alianza kwa sauti ya kutetemeka. Nilifurahi. Nilitaka atetemeke, nilitaka chaki imkatikie mkononi, na ikamkatikia. Kisha bodaboda ikapita mbele ya duka ikipiga honi bila kuacha, wiii, ikaenda zake. Akageuka. "Umesikia?" akaniuliza. "Ikija sauti ilikuwa nyembamba, ilipotupita ikawa nzito." Nimesikia honi zikifanya hivyo kila siku ya Mungu, sikuwahi kujiuliza. Akachora mawimbi yaliyobanana mbele ya pikipiki na yaliyoachana nyuma yake. "Honi haikubadilika. Na kasi ya sauti kutufikia haikuongezeka hata kidogo, kwa sababu inayoibeba ni hewa, siyo pikipiki. Kilichobadilika ni mbanano wa mawimbi. Mwanga nao hubadilika rangi hivyo hivyo, nyota ikija au ikiondoka, lakini kasi yake haiguswi. Na mwanga haubebwi na hewa wala na kitu chochote. Hapo ndipo penye maajabu."

Aliacha kutetemeka. Alisahau wateja, alisahau aibu, chaki ikawa inakimbia. Wanawake wa vikapu walikuwa wamesogea karibu, mmoja ameweka mzigo chini. Nami nilikuwa nimeinama mbele kwenye kiti changu, na lile jambo likanichoma mbavuni kuliko karatasi, kuliko jina, kuliko kiberiti. Mtu huyu alikuwa anajua kufundisha. Angenifundisha. Ningekuwa nani leo, mimi, kama angenifundisha! Nilimchukia pale barazani kuliko nilivyowahi kumchukia.

Aliandika mstari wa mwisho, akafuta mikono kwenye suruali, akanigeukia.

"Umeelewa, Mwajabu?"

Nilikuwa nimeelewa yote. Nikamwambia sijaelewa, arudie tangu mwanzo.